Wa Mwisho Nani?

Zamani ukifika na mzigo
unazima injini, unateremka, unauliza:
"Wa mwisho nani?"
Na mkono mmoja unainuka chini ya trela,
mkono wenye grisi na kipande cha ming'oko:
"Mimi. Wewe uko nyuma yangu."
Basi, umeshaandikwa.
Ukienda kuoga, kuna mtu anajua umekwenda.

Msimu wa korosho foleni ilianzia ukutani kwa ghala,
ikapita wauza mbao, ikapita msikiti,
mkia ukalala njia ya Naliendele.
Siku tatu.
Mwaka ule mvua ilipowahi, sita.

Sitaipamba. Niliichukia.
Kalamu ya karani Nalinga ilikuwa na kiu,
bila chai haikutoa wino.
Niliona fuso la jana likiingia mbele ya semi ya juzi,
na sote tukatazama pembeni
kama tuliomfuma mkwe bafuni.
Turubai la Chilumba lilivuja,
magunia arobaini yakaota ukungu
naye yuko namba tisa.
Namba tisa!
Bango la geti alilisoma bila miwani.

Sasa kuna simu.
Tungali Newala, hatujaanza mteremko,
Hilari utingo wangu anabonyeza kwa gumba:
namba ya gari, leseni, magunia mangapi,
chama cha msingi kipi.
Mashine inamuuliza kama mimi ndiye mimi.
Anajibu ndiyo bila kunitazama.

*Nafasi yako ni ya 17. Fika saa nne na robo.*

Nikafika saa nne na robo.
Kijana wa kishikwambi akamulika kioo cha simu,
kikalia mara moja, kama kifaranga,
boriti likanyanyuka.
Saa tano kasoro dakika tatu nikawa nje,
gari tupu, linaruka kama mbuzi.
Magunia makavu. Hakuna aliyeomba chai.
Nalinga nilimwona kwenye kiti cha plastiki,
anafundishwa kulitafuta jina langu,
jina alilolikosea kwa kalamu miaka kumi na moja.

Sijafika mzunguko, tajiri akapiga:
"Umetoka, nimeona. Geuza, Newala kuna mzigo."
Ameona! Yeye yuko Dar es Salaam
na mimi sijafunga hata mlango wa nyuma.

Usingizi wangu wa msimu mzima
niliulala kwenye foleni ile,
miguu juu ya dashibodi, shati usoni.
Sikujua ilikuwa akiba.
Sasa nalala kwa vipande:
kituo cha mafuta, mizani,
na siku moja, Mungu anisamehe, kwenye usukani,
Hilari akaniita kwa jina la mama yangu.

Mafiga ya Bi. Somoe yapo bado pale ukutani,
matatu, meusi, yanaota majani.
Madeni yetu aliyaweka kichwani,
la chapati mbali, la maharage mbali,
na hakuwahi kumdai mtu la mwenzake.
Wanasema yuko kwa mwanawe, Mikindani.
Mimi bado nina deni lake la elfu mbili na mia tano
na hakuna mahali pa kulibonyeza.

Jana niliwahi, robo saa kabla.
Nikaegesha palepale, penye doa la oili
lililoingia kwenye lami kama alama ya kuzaliwa.
Nikateremka. Mdomo ukaitangulia akili:
"Wa mwisho nani?"

Barabara nyeupe.
Kumi na sita walionitangulia siwajui hata mmoja.
Wa kumi na nane labda yuko Masasi,
anapuliza chai.

Hilari hakuinua macho.
Aliinua mkono, na simu ndani yake.
"Ni sisi, mzee."
Ikalia.
Tukaingia.